Hoti ya labo si pambo la sherehe: Goma ikatae kabineti isiyomlinda mtu

GOMA, Kivu Kaskazini – Tarehe 28 Januari 2025, mizinga ikiwa bado inasikika mjini na wahami wa Kanyaruchinya na Bulengo wakitafuta mahali pa kulaza watoto, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, ilitoa onyo ambalo wengi walilisikia nusu nusu. Ilisema ina wasiwasi juu ya maabara ya INRB hapa Goma. Umeme ulikuwa umekatika, na ndani ya jengo hilo mlikuwa na sampuli za magonjwa hatari, Ebola ikiwemo. Siku hiyo mtu asiye na hata shuka alikuja kujua kwamba usalama wake unategemea pia swichi, jenereta na mlango wa labo ambayo hajawahi kuingia.

Hofu ya siku zile imepungua, lakini funzo lake halijashikwa. Bado kuna watu wenye sauti na mihuri wanaoamini kwamba labo ni jengo jeupe lenye vioo, na kwamba kuiwezesha ni kuijaza mashine. Katika mashine hizo, hakuna inayochaguliwa kwa uzembe na kuleta hatari kubwa kama kabineti ya hewa, ile ambayo wafanyakazi wa labo huiita hoti. Hoti iliyochaguliwa vibaya ni mbaya kuliko kukosa hoti kabisa. Asiye nayo anajua hana kinga, hivyo anajihadhari. Aliyepewa isiyofaa anaiamini, anaingiza mikono na kusogeza uso, na inampulizia ugonjwa puani.

Hilo si jambo la mafundi peke yao. Sampuli inayofunguliwa ndani ya hoti imetoka kwa mtu. Ni makohozi ya mzee aliyekohoa tangu atoke Rutshuru, au ni maji ya kipele cha mtoto aliyelala kwenye hema la Lushagala. Na kijana anayeifungua akimaliza kazi anapanda moto, anashuka Ndosho au Majengo, anakula na watoto wake. Asipolindwa yeye, hakuna ukuta kati ya kichupa kile na mtaa.

Mapacha wasiofanana tabia

Shida inaanza na macho. Kuna hoti za aina mbili kubwa, na mtu asiyefunzwa akizitazama ataapa ni kitu kimoja. Zote ni kabati la chuma lenye meza ndani, kioo mbele, taa juu na feni inayonguruma. Zote zina chujio la HEPA, karatasi nene iliyokunjwa mikunjo mingi, inayokamata angalau asilimia 99.97 ya chembe ndogo sana, hata zile za sehemu tatu za kumi za mikroni. Mikroni moja ni milimita iliyogawanywa mara elfu. Jicho haliwezi kuiona.

Aina ya kwanza ni meza ya hewa safi, inayoitwa ya laminari kwa sababu hewa yake hutembea kwa mistari iliyonyooka, bila kuzunguka-zunguka, kama mvua inayonyesha siku isiyo na upepo. Wazo hilo lilitengenezwa na Mmarekani Willis Whitfield wa maabara za Sandia, New Mexico, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alitaka vumbi lisiguse vipuri vidogo vinavyotaka usafi wa hali ya juu. Hakuwa akifikiria mgonjwa wala virusi. Ndiyo maana meza hiyo inafanya jambo moja tu: inapuliza hewa safi juu ya kazi, kisha hewa hiyo inatoka mbele, kuelekea kifua na uso wa anayefanya kazi.

Kwa kazi yake halali, meza hiyo ni nzuri sana. Wakulima wa Masisi wanakumbuka mnyauko wa migomba ulioripotiwa huko mwaka 2001 na kuharibu mashamba mengi. Mtaalamu anayekuza vichipukizi vya migomba ndani ya chupa ili mkulima apate mbegu isiyo na ugonjwa anahitaji meza ya aina hiyo. Adui yake ni vumbi na ukungu unaoweza kuingia katika chupa. Kichipukizi hakimwambukizi mtu, kwa hiyo hewa ikimpiga usoni hakuna neno. Anayetayarisha chakula cha kukuzia vimelea, kabla vimelea havijawekwa, naye inamfaa.

Aina ya pili ni kabineti ya usalama wa viini. Hiyo ina madaraja matatu. Daraja la kwanza huvuta hewa kutoka kwa mfanyakazi kuingia ndani, kisha kuichuja kabla ya kuitoa. Inamlinda mtu na mazingira, lakini sampuli inapigwa na hewa chafu ya chumba. Daraja la pili linalinda vitatu kwa pamoja: mtu, sampuli na mazingira. Hewa inavutwa ndani kupitia matundu ya mbele, hewa iliyochujwa inashuka juu ya kazi, na inayotoka nje inapita kwenye chujio kwanza. Daraja la tatu ni sanduku lililofungwa kabisa, ambalo mtu hufanyia kazi kwa glavu ndefu zilizoshonwa ukutani mwake. Hilo ni la virusi wakali kupita wote.

Mama yeyote anayepika kwa makala na kuni anaelewa hayo bila shule. Ukikaa upande ambao upepo unakuletea moshi, macho yatalia hata kama sufuria yako ni safi. Ukiwa na jiko linalovuta moshi na kuupeleka juu, unapika na huku unapumua. Meza ya hewa safi ni kukaa upande wa moshi. Kabineti ya usalama ni lile jiko linalovuta. Sasa, nani mwenye akili atamkalisha binti yake upande wa moshi, na moshi wenyewe ni kifua kikuu?

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye meza ya hewa safi inayopuliza kutoka juu kwenda chini. Ile inayopuliza kutoka nyuma kuja mbele, mtu anaweza kuitambua kwa kuhisi upepo usoni. Lakini inayopuliza kutoka juu ina kioo, ina nafasi ya mikono, na kwa picha inafanana kabisa na daraja la pili. Bei yake ni ndogo zaidi. Anayenunua kwa picha na kwa bei ataichagua hiyo, atasifiwa kwamba ameokoa pesa, na picha itapigwa. Waswahili walishasema, rahisi ni ghali. Kwa sampuli za wagonjwa, meza hiyo haina udhuru wowote. Haifai kwa makohozi wala kwa damu. Haifai kwa kipele cha mpox. Hakuna mjadala hapo.

Msaada usioulizwa maswali

Wako watakaosema: mgeni akikuletea zawadi huulizi bei. Huo ni ustaarabu mzuri mezani, lakini ni sumu katika labo. Shirika la Afya Duniani, OMS, katika mwongozo wake wa mwaka 2011 kuhusu misaada ya vifaa vya tiba, lilikumbusha kwamba katika nchi nyingine ni asilimia 10 hadi 30 tu ya vifaa vilivyotolewa kama msaada ndivyo vinavyokuja kufanya kazi. Vingine vinageuka meza ya kuwekea makaratasi. Mtoaji ametangaza, mpokeaji ameshukuru, na mgonjwa amebaki na kikohozi chake.

Lawama hapa zina pande mbili, na upande wa nyumbani usijifiche. Mfadhili anayeamua akiwa mbali kile Goma inachohitaji amekosa. Lakini mkubwa wa hapa anayetia sahihi ya kupokea bila kumwita fundi wa labo naye amekosa, tena zaidi, kwa sababu yeye anajua umeme wa hapa ulivyo. Anajua vumbi na barabara za hapa. Akinyamaza ili asimuudhi mfadhili, anakuwa amemuuza mfanyakazi wake kwa tabasamu la picha.

Goma ina tabia zake

Kabineti nzuri iliyotengenezwa kwa ajili ya mji mwingine inaweza kushindwa hapa. Anayechagua hoti ya Goma bila kufikiria Goma amechagua kwa kufumba macho.

Kwanza ni umeme. Kinga ya daraja la pili inatoka kwenye feni. Feni ikisimama, ukuta wa hewa unaanguka saa hiyohiyo, na kile kilichokuwa ndani kinaweza kutoka. Mfanyakazi inambidi afunge vichupa, asimamishe kazi, na umeme ukirudi aiache mashine izunguke dakika kadhaa kabla ya kuanza tena. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa maana ya umeme kukatika. Mwisho wa Januari 2025 mji ulikaa gizani na bila maji kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kabineti inayoletwa bila betri za kuishikilia, bila kifaa cha kusawazisha umeme unaopanda na kushuka, na bila mpango wa nani atalipa mazutu ya jenereta, ni nusu ya kabineti. Tena kuna mashine zilizotengenezwa kwa umeme wa Marekani, wa volti 115 na mapigo 60. Zinaletwa kwenye mji wa volti 220 na mapigo 50, halafu watu wanashangaa feni imeungua.

Pili ni urefu wa mji wenyewe. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Matadi kwa karibu asilimia 15. Kabineti inapimwa kwa mwendo wa hewa inayoingia. Kanuni ya Marekani inadai isipungue nusu mita kwa sekunde kwa aina inayotumika zaidi ya daraja la pili. Ile ya Ulaya inadai isipungue mita 0.40. Vipimo vingi vya mwendo wa hewa vinafanya kazi kwa waya wenye joto unaopozwa na hewa inayopita, na hewa nyepesi inapoza kidogo. Kipimo kisiporekebishwa kwa urefu wa mji kitatoa namba ya uongo. Karatasi ya kiwandani iliyosainiwa pwani ya bahari haitoshi. Mashine ipimwe ikiwa imesimama mahali itakapofanyia kazi, Goma hapa.

Tatu ni vumbi. Mji umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Lava ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama mlangoni. Siku ya jua, vumbi jeusi linaingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Linaingia pia katika chujio za awali za kabineti na kuziziba. Anayeleta mashine bila chujio za akiba ameleta kitu chenye siku za kuhesabika. Na chujio la HEPA halioshwi kwa maji na sabuni likaanikwa kama nguo. Linabadilishwa, na kabla ya kubadilishwa kabineti nzima inafukizwa dawa ya kuua viini, kwa sababu chujio lililofanya kazi vizuri ni ghala la kila kilichokamatwa.

Nne ni chumba. Hewa ya kabineti ni dhaifu kuliko mtu anavyodhani. Mlango unaofunguliwa kwa nguvu, dirisha lililo wazi, feni ya dari, hata mtu anayepita haraka nyuma ya mfanyakazi, vyote vinaweza kuuvunja ukuta ule wa hewa. Kabineti iliyobanwa kando ya mlango kwa sababu chumba ni kidogo haimlindi mtu hata kama ni ya bei ya juu.

Tano ni barabara na fundi. Tangu mwisho wa Januari 2025 ndege za kawaida zilikoma kutua katika uwanja wa ndege wa Goma. Kifaa kikubwa hakina budi kupita mpakani au ziwani, na kipuri kilichokosekana kinaweza kuchukua miezi. Tena kabineti inatakiwa kupimwa na fundi aliyeidhinishwa angalau mara moja kwa mwaka, na kila inapohamishwa. Africa CDC imeanzisha mpango wa kufundisha na kuidhinisha wataalamu wa usalama wa maabara barani, na kabineti hizi ni mojawapo ya fani zake. Basi swali linafuata: ni vijana wangapi wa Kivu watapelekwa kwenye mafunzo hayo? Fedha ya kununua hoti ya ziada, je, si ingefundisha fundi ambaye angezitunza zote zilizopo?

Historia haikuandikwa kwa utani

Mwaka 1976, ugonjwa usiojulikana ulipoua watu Yambuku, Profesa Jean-Jacques Muyembe alikwenda huko na kuchukua damu za wagonjwa bila glavu. Alinawa kwa maji na sabuni, akapona. Sampuli ya damu ilisafirishwa kwa ndege kutoka Kinshasa hadi Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ikiwa ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Ilipofika, kichupa kimoja kilikuwa kimepasuka. Vijana wa labo, Peter Piot akiwa mmoja wao, waliifungua wakiwa na glavu za kawaida tu. Ilikuwa Ebola. Hawakuambukizwa, na kila mmoja wao ameishi akijua ilikuwa bahati.

Bahati haiwezi kuwa sera ya afya. Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, iligusa Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini. Iliwapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Julai 2019 iliingia Goma. Mji huu wa mpakani wenye watu wengi haukuteketea, na sehemu ya sababu ni kwamba sampuli zilipimwa karibu na majibu yakarudi haraka. Ndiyo maana ya kuwa na labo mjini badala ya kusubiri ndege ya Kinshasa. Maabara ya INRB Goma, inayobeba jina la Rodolphe Mérieux, ni tunda la funzo hilo. Anayeidharau kazi ya labo ameisahau miezi ile ya kunawa mikono kwenye kila kizuizi cha barabara.

Na mfano wa upande wa pili upo. Aprili 1979, katika mji wa Sverdlovsk, Urusi ya wakati wa Kisovieti, vimelea vya kimeta vilitoka katika kiwanda cha jeshi na kuua watu wasiopungua 66 waliokuwa upande wa upepo. Ken Alibek, aliyekuja kuwa mkubwa katika mpango ule wa silaha, aliandika kwamba chujio lililoziba liliondolewa na zamu iliyofuata ikawasha mashine bila kuambiwa kwamba jipya halijawekwa. Goma haina kiwanda cha silaha za viini, na kiasi cha vimelea katika labo ya hospitali hakilinganishwi na kile. Lakini namna ya kosa ni ileile: chujio moja, daftari moja lisiloandikwa, mtu mmoja asiyeambiwa.

“Watu hawana unga, ninyi mnazungumza hoti”

Hoja hiyo inasemwa, na anayeisema si mjinga. Februari 2025 kambi za wahami zilivunjwa. Familia zilirudi Sake, Kibumba na Masisi kukuta nyumba zimebomolewa, au zilibaki mjini kwa jamaa, makanisani na mashuleni. Mtu wa namna hiyo akisikia habari za kabineti ya maelfu ya dola ana haki ya kukunja uso.

Lakini hoja hiyo inageuka yenyewe ikitazamwa vizuri. Mhami ndiye anayelala kumi katika chumba kimoja. Ndiye anayechota maji ya ziwa. Ndiye ambaye kipindupindu, surua, kifua kikuu na mpox vinamkuta kwanza. Mwaka 2024, mpox ya aina ya Ib, ile iliyotambuliwa kwanza Kamituga, ilipatikana hata ndani ya kambi za Goma, na tarehe 14 Agosti mwaka huo OMS ikatangaza dharura ya kimataifa. Wakati wa mapigano ya Januari 2025, wagonjwa wa mpox walikimbia vituo walikotengwa na kuchanganyika na watu. Katika hali kama hiyo, jibu la haraka na la kweli kutoka labo ndilo linalomwambia mama kama kipele cha mtoto wake ni mpox au ni tetekuwanga. Ndilo linalomzuia jirani asimfukuze kwa uvumi. Labo isiyo salama inafungwa siku mfanyakazi mmoja akiugua, na ikifungwa, tajiri anavuka mpaka kwenda kupimwa Kigali. Mhami anabaki.

Kwa hiyo unga na hoti si washindani. Anayewashindanisha anataka kuficha kwamba vyote viwili vimepangwa vibaya.

Si kila kituo kinahitaji hoti

Hapa ndipo wapenda sherehe watakapochukia zaidi. Ukweli ni kwamba vituo vingi vya afya havihitaji kabineti hata moja. Mwongozo wa OMS wa mwaka 2012 juu ya usalama wa labo za kifua kikuu uko wazi: kupaka makohozi kwenye kioo na kuyatazama kwa darubini, au kuyapima kwa mashine ya GeneXpert, ni kazi ya hatari ndogo. Inaweza kufanywa kwenye meza ya kawaida ikiwa chumba kina hewa ya kutosha na mfanyakazi amefunzwa. Kipimo cha haraka cha malaria hakihitaji hoti. Kukuza vimelea vya kifua kikuu katika chupa, hapo sasa kabineti ya daraja la pili ni lazima, kwa sababu vimelea vimeongezeka na hatari imeongezeka navyo.

Maana yake ni nini? Ni kwamba kituo cha mtaani kikipewa hoti kumi na hospitali kubwa ikakosa chujio, hakuna aliyesaidiwa. Kwa kituo kidogo, dirisha lililopangwa vizuri ili upepo utoke nyuma ya mfanyakazi na kuelekea nje, maji ya bomba, jiki, sanduku la sindano, barakoa zinazobana vizuri na njia ya kupeleka sampuli kwa usalama vina faida kubwa kuliko kabati la chuma linalonguruma. Mwongozo mkuu wa OMS wa usalama wa maabara, toleo la nne la mwaka 2020, umejengwa juu ya wazo hilohilo: pima hatari kwanza, kisha chagua kinga inayolingana nayo.

Na hata pale kabineti inapohitajika, ya bei kubwa zaidi siyo lazima iwe ndiyo. Kuna aina ya daraja la pili inayotoa nje hewa yake yote kupitia bomba la paa. Inatumia umeme mwingi, inataka feni kubwa ya juu na ujenzi maalumu, nayo ni ya mahali penye kemikali zenye mvuke wa sumu. Kwa labo nyingi za magonjwa, aina ya A2 inatosha. Hiyo huchuja na kuzungusha tena karibu asilimia 70 ya hewa yake, na kutoa asilimia 30 ikiwa imeshachujwa. Muuzaji anayesukuma mashine ya bomba kwa hospitali isiyo na umeme wa uhakika anajali kamisheni yake kuliko kifua cha mtu.

Maswali ya kuulizwa kabla ya utepe kukatwa

Wanakamati wa afya wa mitaa, wawakilishi wa wahami, waandishi wa redio na wauguzi wana haki ya kuuliza. Hawahitaji shahada. Wanahitaji maswali haya, na wayatake majibu kwa maandishi:

1. Hii ni meza ya hewa safi au ni kabineti ya usalama wa viini? Ya daraja lipi? Kama ni meza ya hewa safi, je, imeandikwa mbele kwa herufi kubwa kwamba sampuli ya mgonjwa haifunguliwi humo?

2. Ni kazi gani hasa itafanywa ndani yake, na nani alipima hatari ya kazi hiyo kabla ya kuagiza?

3. Umeme ukikatika katikati ya kazi, feni itazunguka kwa dakika ngapi, na mazutu yanalipwa na nani baada ya mradi kumalizika?

4. Nani aliipima hapa Goma baada ya kuwekwa, kwa kipimo kilichorekebishwa kwa urefu wa mji? Karatasi ya tarehe iko wapi? Mwaka kesho nani atarudi?

5. Chujio za akiba ziko ngapi, zinatunzwa wapi, na la zamani litafukizwa na kutupwaje?

6. Wafanyakazi walifunzwa siku ngapi? Wanajua kwamba matundu ya mbele hayafunikwi kwa daftari, kwamba moto wa gesi hauwashwi ndani, na kwamba taa ya buluu ya kuua viini haichukui nafasi ya kitambaa chenye dawa?

Kuna jaribio moja rahisi ambalo hata mgeni wa heshima anaweza kuonyeshwa siku ya uzinduzi: fundi alete moshi kidogo mbele ya kabineti inayofanya kazi. Moshi ukivutwa ndani na kupotea, dalili ni nzuri. Ukirudi kwa watu, utepe usikatwe. Jaribio hilo halichukui nafasi ya upimaji kamili, lakini linamwaibisha mdanganyifu mbele ya kamera zake mwenyewe.

Anayeshika madaraka Goma, awe nani, hawezi kusema jambo hili ni la mwingine. Virusi haviulizi bendera iliyo juu ya jengo. Wafadhili nao wasiseme kazi yao ni kuleta na kuondoka. Bajeti ya kabineti isiyo na pesa ya matunzo ya miaka mitano si bajeti, ni bili aliyoachiwa maskini. Na wakubwa wa hospitali wajue kwamba kijana wa labo anapokataa kufungua kichupa ndani ya mashine asiyoiamini hafanyi ukaidi. Anawalinda wagonjwa wote waliokaa kwenye benchi la nje, na mtaa mzima atakaorudi jioni. Mtu huyo aandikiwe barua ya shukrani, asiandikiwe ya onyo.